Naomba Mikono

Fundi wa Mnara wa Saba alikuwa amevaa glavu ya kulia kwenye mkono wa kushoto na ya kushoto kwenye mkono wa kulia, na sasa alikuwa akilalamika kwamba mtambo umelogwa.

"Ukinyoosha mkono huu, dada, unanyooka ule," alisema. "Nimemwambia mke wangu, hapa mnarani pana mtu ana mambo yake."

Subilaga alikuwa kwenye kiti chake katika Kituo cha Msaada jijini Mbeya, na kati yake na mnara huo palikuwa na milima miwili na mabonde matatu. Alivuta pumzi hadi kifua kikajaa, akaishusha taratibu. Miaka kumi na mmoja kazini ilikuwa imemfundisha kwamba fundi hajibiwi kabla ya pumzi.

"Kaka," alisema, "vile vioo viwili vidogo vya glavu unaviona wapi? Viko mgongoni mwa mkono au kiganjani?"

"Kiganjani."

"Na vinatakiwa viwe wapi?"

Kwenye skrini, mikono ikageuzwa huku na huku.

"Ahaa," fundi akasema.

"Ahaa," Subilaga akaitikia.

"Basi si uchawi."

"Si uchawi. Zivue, uzivae upya, halafu tuanze kazi."

Kwenye meza ya jirani, Nzowa alikuwa amelala juu ya daftari lake, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Aliliita daftari la maajabu, na humo aliandika kila kituko kilicholetwa na mafundi tangu alipoajiriwa. "Ukistaajabu ya Musa," alinong'ona huku akitafuta kalamu. Subilaga alimpungia anyamaze, kwa sababu kicheko cha Nzowa kilikuwa na tabia ya kuambukiza.

Fundi aliposema yuko tayari, Subilaga akatamka maneno ambayo kila mhudumu wa kituo kile aliyatamka mara thelathini kwa siku.

"Naomba mikono."

"Chukua," fundi akajibu.

Neno hilo lilitosha. Glavu nyembamba alizovaa Subilaga zilipata joto kidogo, na kule mnarani mikono ya fundi ikaacha kumtii mwenyewe. Subilaga alipokunja kidole, fundi alikunja. Aliposhika hewa iliyokuwa mbele yake, fundi alishika spana. Vioo vya glavu vilimwonyesha kwenye skrini kila kilichokuwa mbele ya vidole, na kwa dakika nne alifungua kifuniko, akatoa fyuzi iliyoungua, akaweka nyingine, akafunga. Muda wote huo fundi alikuwa akimsimulia habari za shemeji yake aliyenunua punda kipofu sokoni na kumleta nyumbani kwa madaha.

"Hiyo mikono yako," Subilaga alisema.

"Nimeipokea. Asante, dada. Kumbe kilikuwa kitu kidogo."

"Kidogo sana." Alikata mawasiliano, akaegemeza kichwa nyuma. "Nzowa, huyu mtu ana cheti cha daraja la kwanza."

"Wote wana daraja la kwanza," Nzowa alisema. "Si unawafaulisha wewe?"

Alikuwa anatania, lakini utani wake ulikuwa na mfupa ndani. Daraja la fundi lilipimwa kwa matengenezo yaliyofanywa na mikono yake, na kompyuta iliyopima haikuuliza mikono hiyo ilikuwa inatumwa na nani. Subilaga alilijua hilo kama kila mtu alivyolijua. Alilichukulia kama jambo la kuchekesha tu, akaendelea na kazi.

*

Minara ilikuwa ishirini na sita, kuanzia Matema kwenye ufuko wa ziwa hadi juu kabisa kwenye baridi ya Kitulo. Kutoka mnara hadi mnara zilipita nyaya mbili nene za chuma, moja ya kupandia na moja ya kushukia, na juu yake vilining'inia viberenge, vyumba vidogo vya vioo vyenye viti pande mbili. Viazi vilishuka, samaki walipanda, na maharusi walikwenda kokote mapenzi yalikowapeleka.

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, taa nyekundu ya Mnara wa Kumi na Tisa iliwaka.

"Ambakisye," Nzowa alisema bila hata kutazama jina.

"Mungu nipe subira," alisema Subilaga.

Mafundi wabovu walikuwa wengi, ila Ambakisye alikuwa na ukurasa wake peke yake katika daftari la maajabu. Ndiye aliyeripoti kwamba mtambo umekufa, kumbe alikuwa ameuzima mwenyewe kwa sababu ulikuwa unahema tangu asubuhi, akaona ni haki upumzike. Ndiye aliyetundika redio kwenye kipima-upepo, breki zikadhani kuna tufani na kujifunga njia nzima. Na ndiye aliyepaka breki grisi. Alipoulizwa ni akili gani hiyo, alijibu kwa upole kwamba zilikuwa zinapiga kelele, na kelele zile zilikuwa zinamuumiza. Hakuna kifaa alichokijua kwa jina. Kila kitu kwake kilikuwa kidude.

"Habari za saa hizi, dada," Ambakisye alisema.

"Nzuri, kaka. Umetundika nini kwenye kipima-upepo?"

"Leo sijatundika kitu. Hata redio nimeiacha nyumbani. Kile kidude cha kubana kimejibana chenyewe, na kiberenge kimesimama hapa mbele yangu, kama hatua sitini hivi. Kina harusi ndani."

Kabla Subilaga hajajibu, sauti nyingine iliingia, ya mwanamke aliyezoea kusikilizwa. "Kituo, mnanipata? Mimi ni Ndimbumi, shangazi wa bibi harusi. Tuko watu kumi na wanne humu, na godoro, na sufuria mbili za pilau. Mchungaji anatusubiri huko juu tangu saa nane."

"Tunakupata, shangazi. Mko salama?"

"Salama tuko. Ila huyu mpiga ngoma akiendelea kupiga huku tunaning'inia, nitamshusha mimi mwenyewe, na wala sitatumia ngazi."

Watu wakacheka huko ndani. Sauti ya msichana ikasema, "Shangazi, mwache, ananituliza roho." Huyo alikuwa Tusekile, bibi harusi mwenyewe.

Mzee Kihwele, mkuu wa zamu, alikuwa ameshafika nyuma ya kiti cha Subilaga. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyapunguza zaidi. "Upepo wa korongo unafika pale saa kumi kasoro dakika tano. Kiberenge kinachotembea kinaupita. Kilichosimama kitayumba mpaka kipige waya wa pili."

"Fundi mwingine wa karibu?"

"Yuko mwendo wa saa mbili."

Kwa hiyo ilikuwa ni yeye na Ambakisye. Subilaga alijifuta viganja, akazivuta glavu zikae sawasawa. Breki ya mnara hufunguliwa kwa mkono: unachomoa pini, unavuta wenzo kidogo kidogo, waya unaachiwa. Alishaifanya kazi hiyo mara nyingi kuliko idadi ya nywele za Mzee Kihwele, na alikuwa na hakika kabisa, bila hata kuangalia, kwamba juu ya kipima-upepo kulikuwa na koti lililoanikwa.

"Naomba mikono, kaka."

"Chukua, dada."

*

Pini ilitoka vizuri. Alishika wenzo kwa mikono ya Ambakisye, mikono minene yenye nguvu ambayo siku zote ilikuwa raha kuitumia, akauvuta robo. Ulikuja bila shida. Alikuwa anajiandaa kuuvuta robo ya pili.

"Dada," Ambakisye alisema, "nirudishie mikono."

Subilaga alisita. Tangu glavu ziletwe, hakuna fundi aliyewahi kuidai mikono yake kazi ikiwa katikati.

"Kaka, ndiyo kwanza nimeanza."

"Najua. Nirudishie."

"Kuna nini?"

"Kuna kidude kinalia vibaya. Kiko kule juu, sikijui jina. Ulipovuta kimelia, na nimekiona kinatikisika."

"Mimi sisikii kitu."

Na kweli hakusikia. Sauti zote za minarani zilipitia kwenye chujio kabla ya kufika kituoni, likaondoa upepo, mashine, ndege na kila kisichokuwa sauti ya binadamu, ili wahudumu wasiumwe vichwa. Alichosikia ni Ambakisye na pumzi zake.

"Mimi nimesikia," Ambakisye alisema. "Na leo nimefumbua macho. Nilikuwa nataka kumwona bibi harusi, wanapunga mikono pale kwenye kioo."

"Leo umefumbua macho," Subilaga alirudia taratibu. "Kwani siku nyingine?"

"Siku nyingine huwa nafumba. Sisi sote tunafumba, dada. Ukiangalia mikono yako inakwenda yenyewe, kichwa kinazunguka, utatapika. Mimi nakaa kwenye kigoda changu nafumba, nyie mnafanya, mnanirudishia."

"Tangu lini?"

"Tangu zilipoletwa hizi glavu. Miaka tisa."

Nzowa aliweka kalamu chini. Subilaga alihisi uso wake ukipata moto. Miaka tisa alikuwa akiwacheka watu hawa kwamba wameona kila tengenezo mara mia na hawajajifunza lolote, na kumbe hawakuwahi kuona hata moja. Aliwafanyia kazi gizani, akawapa vyeti, kisha akawaita wajinga.

Lakini aibu ile ilikuwa ya baadaye. Mzee Kihwele aliweka kitu mezani, karibu na kiwiko chake. Ulikuwa ufunguo mwekundu.

Kila mtu kituoni alikuwa akikijua kifungu cha saba cha kanuni za kazi. Mikono ya mtu ni yake. Haichukuliwi mpaka aseme chukua, na akiidai inarudishwa papo hapo. Isipokuwa pale maisha ya watu yakiwa hatarini. Hapo mhudumu anaweza kuingiza ufunguo na kuishikilia mikono, mwenyewe apende asipende. Fundi aliyeshikiliwa mikono kwa ufunguo hagusi tena mnara maisha yake yote.

"Kuna dakika thelathini," Mzee Kihwele alisema. "Na huyu ndiye yule wa grisi."

"Ndiye."

"Sikulazimishi. Nakukumbusha tu. Ukiutumia ufunguo, lolote litakalotokea haliwi juu yako. Usipoutumia, liko juu yako."

Alisema bila ukali. Alikuwa mzee mwenye wajukuu, na alikuwa akitazama skrini ndogo ya kiberenge, ambamo mtoto mwenye gauni la njano alikuwa amesimama juu ya godoro akicheza.

Subilaga aliutazama ufunguo, na kweli mkono ulimwasha. Kazi aliijua. Robo tatu zilikuwa zimebaki, dakika mbili tu, na watu kumi na wanne wangeendelea na safari yao. Upande wa pili alikuwepo mtu ambaye hajui jina la pini. Kama mikono ni ya Ambakisye, roho zile kumi na nne si za Ambakisye, na mtu hawezi kuachiwa mikono yake kwa heshima tu huku watoto wananing'inia. Hilo lilikuwa kweli, na alilisema moyoni waziwazi ili asijidanganye.

Ila kulikuwa na jambo jingine lililokataa kunyamaza. Mtambo ulikuwa unahema. Breki zilikuwa zinapiga kelele. Alizikumbuka taarifa zote za Ambakisye, moja moja, zile walizozisoma kwa sauti wakati wa chai ili wapate kucheka. Kila moja ilianza na sauti. Mtambo ule uliokuwa ukihema, wiki mbili baadaye ulikuja kukutwa na pampu mbovu, na hakuna aliyekumbuka nani alisikia kwanza. Mtu huyu alikuwa amekaa miaka tisa chini ya mashine akiwa amefumba macho. Angefanya nini kingine humo gizani kama si kusikiliza?

Hakuwa na hakika. Laiti angekuwa na hakika, isingekuwa taabu. Aliogopa, na akaamua akiwa na hofu yake.

"Hiyo mikono yako," alisema.

"Nimeipokea," alisema Ambakisye.

Mzee Kihwele alifumba macho kidogo. Kisha akavuta kiti, akaketi kando yake, kama mtu aliyekubali kubeba upande wake wa mzigo.

*

"Nzowa, ondoa chujio."

"Utapasuka masikio."

"Ondoa."

Mnara wa Kumi na Tisa ukaingia chumbani wote kwa mara moja. Upepo, minyororo, kunguru, na nyuma ya hayo yote ngoma na watu kumi na wanne wakiimba kwa sauti za kugombana. Wahudumu wa meza nyingine waligeuza vichwa. Subilaga aligundua kwamba hakuwa amesikia sauti ya mlima tangu alipoacha kuwa fundi wa minara, kabla glavu hazijaja, na ikamchoma moyo kwa furaha wakati usiofaa kabisa.

"Kaka Ambakisye, shika wenzo. Uvute kidogo tu, kiasi cha unene wa kucha, halafu uachie."

Akavuta. Juu ya kelele zote ikasikika nyingine, ya chuma kikisaga chuma, mfano wa sufuria inayoburutwa sakafuni.

"Hicho," Ambakisye alisema.

Subilaga aliijua sauti hiyo. Aliisikia mara moja tu maishani, akiwa na miaka ishirini na minne, na mkuu wake aliwakimbiza wote chini.

"Ni beringi ya kapi," alisema. "Lile gurudumu kubwa linalobeba waya. Beringi imevunjika na gurudumu limehamia upande. Waya uko wapi, katikati ya mfereji au ukingoni?"

"Ukingoni. Umebakiza unene wa kidole."

Breki haikujifunga kwa sababu ya koti wala redio. Ilijifunga kwa sababu ilikuwa inafanya kazi yake, na angeivuta robo ya pili, waya ungetoka kwenye gurudumu na kila kilichoning'inia ungekwenda nacho. Aliutazama ufunguo mwekundu uliokuwa karibu na kiwiko chake, akausogeza mbali kwa kidole kimoja.

"Basi chukua mikono, dada," Ambakisye alisema. "Sasa umeshajua. Fanya wewe."

"Siwezi. Vioo vyangu vinaona kinachoshikwa tu. Hii kazi inataka mtu atazame juu wakati mikono iko chini. Ni wewe, kaka."

"Mimi sijui kitu."

"Hujui majina. Majina tutayaacha. Twende na vidude."

Na wakaenda na vidude. Kile kidude kizito kwenye sanduku, chenye shingo inayorefuka? Ndicho hicho, kiweke chini ya ekseli. Ekseli ni kidude gani? Ni mfupa wa gurudumu, kaka, ule unaopita katikati. Aa, mfupa, sawa. Pampu taratibu. Angalia waya, usiangalie mikono, mikono inajua. Nzowa alichora kila kitu kwenye daftari la maajabu, upande wa nyuma ambako hakukuwa na kitu, akiandika majina ya Ambakisye kando ya kila kifaa: breki ni cha kubana, jeki ni cha shingo, ekseli ni mfupa. Subilaga alisimama bila kujua amesimama lini. Mikono yake mwenyewe ilikuwa hewani, ikipampu hewa, haimsaidii mtu yeyote.

"Gurudumu limerudi," Ambakisye alisema. "Waya uko katikati. Ila nikiacha, litarudi kule kule."

"Unahitaji kabari. Kipande cha mti mgumu, kiingie kati ya gurudumu na fremu."

"Mti hapa sina."

"Tazama vizuri, kaka. Kitu chochote cha mti."

Ukasikika mlio wa mti ukivunjika, na mwingine, na mtu akihema kwa nguvu.

"Nimepata," Ambakisye alisema. "Mguu wa kigoda changu. Mninga huo."

"Kigoda chako cha kukalia?"

"Sitakikalia tena, nadhani."

Aliupigilia kwa nyundo. Saa kumi kasoro dakika kumi na moja, Subilaga alimwambia avute robo na asikilize. Kimya, alisema Ambakisye. Nusu, sikiliza. Kimya. Robo tatu. Hapo Mzee Kihwele aliushika ukingo wa meza.

"Kinahema vizuri," Ambakisye alisema.

"Fungua."

Waya ulianza kwenda polepole. Kiberenge kilisogea, kikaukaribia mnara, kikapanda juu ya gurudumu na mguu wa kigoda, kikapita. Ambakisye aliliangalia lile gurudumu mpaka mwisho na kutangaza kila hatua kama mtangazaji wa mpira, na kiberenge kilipoingia Kituo cha Ishirini kwenye mnara unaofuata, zilikuwa zimebaki dakika mbili. Kisha upepo wa korongo ukafika na kukuta waya mtupu.

"Kituo," ilisema sauti ya Shangazi Ndimbumi, safari hii ikiwa imelegea kidogo. "Tumeshuka. Nani kafanya kazi hiyo? Nataka jina."

Subilaga alifungua mdomo. Alikuwa amezoea kusema Kituo cha Msaada, karibu tena.

"Ni fundi Ambakisye, shangazi. Wa Mnara wa Kumi na Tisa."

*

Mzee Kihwele alirudisha ufunguo kwenye kijisanduku chake, akaleta fomu ya taarifa. Kwenye nafasi ya fundi aliandika Ambakisye. Kwenye nafasi ya mhudumu aliyefanya matengenezo alisimamisha kalamu, akamtazama Subilaga.

"Acha wazi," Subilaga alisema.

"Hakujawahi kuwa na fomu iliyoachwa wazi hapo."

"Na kuanzia kesho zitakuwa nyingi, mzee. Nitawaomba mikono watakaofumbua macho tu. Wakitapika, watatapika wiki moja."

"Kazi zitachelewa."

"Zitachelewa."

Mzee Kihwele aliikunja fomu mara mbili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa fomu yoyote, akaitia mfukoni. "Niandikie barua ya hilo," alisema, na akaondoka akitafuta leso.

Njia ilifungwa hadi kapi jipya lifike, kwa hiyo mchungaji alishuka kwa miguu kutoka juu, na harusi ikafungwa pale pale kwenye sakafu ya Kituo cha Ishirini, pilau ikiwa bado ya moto. Shangazi Ndimbumi alikataa ibada ianze mpaka fundi aletwe. Hayo yote Subilaga aliyapata vipande vipande, maana hakuna aliyekumbuka kurudisha chujio, na ngoma zilikuwa zikisikika kituo kizima. Wahudumu walikuwa wameacha kujifanya wanafanya kazi.

Saa kumi na moja, Ambakisye aliita.

"Dada, naomba mikono."

"Kaka, siku moja inatosha. Kimeharibika nini tena?"

"Hakuna kilichoharibika. Nimesema naomba mikono. Yako."

Subilaga alitazama glavu alizovaa. Zilikuwa na uwezo huo, wa kwenda na kurudi; aliwahi kusoma mahali. Hakuna fundi aliyewahi kuuliza, na hakuna mhudumu aliyewahi kufikiria.

"Wanataka upige makofi kwenye ngoma ya bibi harusi," Ambakisye alisema. "Nimewaambia nitakuleta."

Nzowa alikuwa ameshasogea, kicheko kikimsubiri mdomoni. Subilaga aliona aibu, na hofu kidogo, ile ya mtu anayevuka mto kwa mara ya kwanza.

"Chukua," alisema.

Joto likaingia viganjani, na mikono yake ikanyanyuka kutoka mezani bila kumuuliza. Kichwa kilimzunguka papo hapo. Kila kitu ndani yake kilitaka afumbe macho, na alimwelewa Ambakisye na wenzake wote kwa namna ambayo hakuna taarifa ingeweza kumweleza. Hakufumba. Aliitazama mikono yake ikikutana kwa kishindo, mikono yake myembamba ya ofisini ikipiga makofi mazito ya mtu wa mlimani, moja, mbili, ikasubiri ngoma, tatu. Viganja viliuma. Alianza kucheka, machozi yakimtoka, na mtu wa meza ya mwisho akapiga kigelegele.

Taa ya Mnara wa Saba iliwaka. Nzowa aliipokea yeye, kidole kimoja kikiwa kimeziba sikio.

"Dada Subilaga yupo?" fundi aliuliza. "Ile fyuzi imeungua tena. Nilitaka kumpa mikono."

"Yupo," Nzowa alisema, akimtazama Subilaga anayepiga makofi katikati ya ofisi, "ila mikono yake imeazimwa. Wewe fungua kifuniko, kaka, uniambie unaona nini."